Mimea ya asili ya kwetu: namna ya kuitambua na kuipanda kwenye parseli

Chukua tawi moja la mubirizi, ulipeleke kwenye soko ya Kadutu, mu Bukavu, na uulize wamama jina lake. Mmoja atakupatia jina la Kishi, mwingine la Kilega, na mwenye kutoka Fizi atakupatia la tatu. Kisha onyesha jani la mmea mwingine wenye uchungu: inawezekana mmoja wao arudilie jina lile la kwanza. Hapo hakuna mwenye kusema uongo. Majina ya mimea yetu yanabadilika kutoka kilima mpaka kilima, na jina moja linaweza kubeba mimea miwili ao mitatu.

Juu ya hiyo, mwenye kutaka kupanda mimea ya asili pa nyumba yuko na kazi moja mbele ya kushika jembe: kujifunza kutambua mmea kwa mwili wake. Jina linasaidia, lakini jani, harufu, maji ya ndani na ua njo vinasema mmea ni nani. Na kukosea si jambo dogo. Kuna majani ya sumu ambayo yanaota katikati ya mboga, na mtu mwenye haraka anayachuma pamoja.

Hapa tunaeleza namna ya kutambua, mimea ya kuanza nayo, mahali pa kutoa mbegu, na makosa ya kuepuka. Tumetazama zaidi vilima vya Kivu, lakini kuna maneno pia kwa wenye kuishi Goma kwenye mawe ya volkano na kwa wenye kuishi kwenye joto ya Uvira, Kindu ao Kalemie.

Mmea wa asili ni upi?

Ni mmea ambao ulikuwa unaota hapa wenyewe, pasipo mtu kuuleta kutoka bara lingine. Haitoshi kusema babu aliukuta. Mikalitusi yenye kufunika vilima vya Kabare, Walungu na Lubero ilitoka Australia, na gereveliya ya kwenye mashamba ya kahawa ilitoka kule kule. Muhogo, mahindi, maharagi, viazi na avoka vilitoka Amerika. Kinkina, yenye kupandwa mu Kivu kwa ajili ya dawa ya malaria, asili yake ni milima ya Andes.

Kuna moja ambayo inashangaza wengi: lile ua la manjano lenye kufanana na turnesoli, ambalo liko pembeni ya kila barabara na ambalo wakulima wanakata ili kutia mbolea shambani. Jina lake la sayansi ni Tithonia diversifolia, na kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Lantana pia, yenye maua madogo ya rangi mbili ao tatu na majani ya kukwaruza, ni ya Amerika.

Kwa upande mwingine, kahawa robusta (Coffea canephora) ni mtoto wa misitu ya Afrika ya Kati, na mngazi wenye kutupatia mafuta mekundu ni wa Afrika pia. Tena asili inategemea mahali. Musizi (Maesopsis eminii) ni mti wa misitu yetu, lakini ulipopelekwa Amani, kwenye milima ya Usambara mu Tanzania, uliingia ndani ya msitu wa kule na kusukuma miti mingine. Kwetu ni mwenyeji, kule ni msumbufu.

Hakuna mwenye kusema tung'oe muhogo. Lakini mimea ya asili inaleta faida tatu kwenye parseli. Kwanza, nyuki, vipepeo na wale ndege wadogo wenye mdomo mrefu wa kunyonya maua wanaijua na wanaitafuta. Pili, miti mingi ya mlimani inaishia kwenye makala na mbao, na mti uliopandwa nyumbani unabaki kuwa ghala ya mbegu. Tatu, mama mwenye dawa ya kienyeji na kuni kidogo pa lupango hana sababu ya kwenda mbali porini kila juma. Kwenye vijiji vyetu vingi, wote tunajua hatari ya njia hiyo.

Maswali sita ya kuuliza mmea

Mbele ya kuuliza jina, simama mbele ya mmea na uulize maswali haya sita. Usionje kitu chochote. Kuonja hakuko kati ya maswali.

1. Majani yamekaa namna gani kwenye kijiti? Kuna mimea ambayo majani yanatoka mawili mawili, moja huku na moja kule, sawa vile mikono ya mtu. Kahawa iko hivyo. Kuna mingine ambayo jani moja linatoka huku, linalofuata linatoka juu kidogo kwa upande mwingine: hivyo njo mubirizi. Na kuna yenye majani matatu ao zaidi kwenye mzunguko mmoja. Swali hili peke yake linaondoa nusu ya makosa.

2. Ni jani moja ao ni vijani vingi kwenye jani moja? Watu wengi wanaanguka hapa. Kwenye musave, kile unachofikiri ni kitawi chenye majani kumi ni jani moja lililogawanyika. Ili kujua, tafuta kichipukizi: chipukizi linakaa pale jani lote linaposhikana na tawi, halikai chini ya kila kijani. Maharagi yako na vijani vitatu kwenye kila jani, umuko pia.

3. Ukivunja, kunatoka nini? Mivumu inatoa maziwa meupe. Muyenzi (Euphorbia tirucalli), ule wenye vijiti vya kijani kama penseli ambao unafanya lupango, unatoa maziwa makali sana. Yakiingia kwenye jicho yanaweza kuliharibu: osha na maji safi mengi, kwa muda mrefu, na uende kituo cha afya. Usipangusie mkono kwenye uso.

4. Harufu ni gani? Sugua jani moja kati ya vidole, kisha nusa. Mimea mingine inajitambulisha hapo hapo. Osha vidole nyuma yake.

5. Kijiti na gamba viko namna gani? Zungusha kijiti kati ya vidole. Kama kiko na pembe nne, majani mawili mawili, na harufu kali, basi karibu hakika uko mbele ya ukoo wa minti na basiliki. Tazama pia miiba, gamba laini ao lenye kupasuka, na alama za pete kwenye kitawi.

6. Ua na tunda viko namna gani? Ua linasema ukoo kuliko jani. Ganda kama la maharagi linaonyesha ukoo wa maharagi. Ua dogo la nyota nyeupe lenye kidole cha manjano katikati linaonyesha ukoo wa nyanya na mnavu. Kama hakuna ua, ngoja. Rudi kisha miezi miwili.

Mfano mdogo: kahawa na kinkina ni wa ukoo mmoja. Tazama majani yamekaa mawili mawili, na kati ya yale mawili kuna kikanda kidogo chenye kubana kijiti. Ukishaona kikanda hicho kwenye kahawa ya jirani, utaanza kukiona kwenye mimea mingine ya porini ambayo ulikuwa unapita kila siku.

Mnavu na jirani yake wa sumu

Mnavu, ambao mu Bukavu wengi wanaita mulunda, ni mboga nzuri. Ukoo wake ni ule wa nyanya, biringanya na tumbaku. Lakini ndani ya ukoo huo mna pia datura, na datura inapenda mahali pale pale: jalala, pembeni ya nyumba, shamba lililowekwa mbolea.

Zinatofautiana hivi. Mnavu uko na maua madogo meupe, mengi pamoja, na matunda ya mviringo kama shanga, yenye kuwa meusi ao ya zambarau kama yameiva. Datura (Datura stramonium) iko na ua moja moja, kubwa, lenye kusimama kama tarumbeta, nyeupe ao ya zambarau. Tunda lake ni kama yai dogo lenye miiba, na jani lake likisuguliwa linanuka vibaya. Dada yake, ule mti mdogo wenye tarumbeta kubwa za kuning'inia ambao watu wanapanda kwa urembo, ni wa Amerika ya Kusini na uko na sumu ile ile.

Shida inakuja wakati mimea yote miwili ni midogo na haijatoa maua. Kwa hiyo kanuni ni moja: mboga ya porini isiyo na ua wala tunda, na ambayo haukupanda kwa mkono wako, usiichume kama hauna hakika. Pia usile matunda mabichi ya kijani ya mnavu.

Mtu aliyekula datura anakauka mdomo, mboni za macho zinapanuka, moyo unakimbia, na anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Watu wanaweza kufikiri ni mapepo. Ni sumu. Mpeleke kwenye kituo cha afya mbio, na ubebe kipande cha mmea aliokula ili muganga akione. Usimlazimishe kutapika.

Mimea nane ya kuanza nayo

Mubirizi (Vernonia amygdalina). Mti mdogo wa metre 2 mpaka 5. Majani yanapishana, ni marefu, na uchungu wake haufichiki. Maua ni meupe, madogo, kwenye mafungu, na nyuki wanayajaa. Unapandwa kwa kijiti sawa vile muhogo, kimelala kidogo, mwanzo wa mvua. Unafaa sana kwa lupango. Kwenye milima ya Mahale, ngambo ya ziwa Tanganyika, watafiti waliona mu 1987 sokwe mgonjwa akitafuna moyo wa kijiti cha mmea huu na kutema nyuzi zake. Tangu hapo sayansi imeuchunguza sana. Hiyo haiondoi daktari: mwenye malaria apimwe.

Muravumba (Tetradenia riparia). Mti mdogo wa metre 1 mpaka 3, kijiti chake kinavunjika kwa urahisi, majani ya mviringo yenye manyoya na ya kunata kidogo, mawili mawili. Harufu yake ni kali na tamu. Ukiinusa mara moja hauisahau. Wakati wa kiangazi unaacha majani na kujifunika na maua madogo meupe ao ya zambarau ya mwangaza. Kijiti kinashika bila shida.

Umuko (Erythrina abyssinica). Gamba nene lenye kupasuka, miiba, vijani vitatu. Wakati wa ukavu majani yanaanguka na maua mekundu kama moto yanatoka kwenye matawi matupu. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri kwa macho lakini ni sumu: usiwaachie watoto wazifanye shanga za kutia mdomoni. Mizizi yake inaongeza azote kwenye udongo, kama vile maharagi. Kata tawi nene, uliache siku moja ao mbili likauke kwenye jeraha, kisha ulichimbie.

Muvumu (Ficus thonningii). Maziwa meupe, jani moja zima la kung'aa, matunda madogo kama kunazi. Ncha ya tawi imefunikwa na kikofia. Kikianguka kinaacha alama ya pete. Kivuli chake ni kizuri na ndege wanakula matunda yake. Lakini usiupande karibu na nyumba, ukuta ao sitarini ya maji, kwani mizizi yake inapasua.

Musave (Markhamia lutea). Jani lenye vijani vingi, na pale linaposhikana na tawi kuna masikio mawili ya mviringo. Ua la manjano kama tarumbeta lenye mistari myekundu kwenye koo. Ganda refu, jembamba, lenye kuning'inia, na ndani mna mbegu zenye mabawa kama karatasi ya nailoni. Ukikatwa unachipuka tena, na miti yake ni mizuri kwa kujenga. Mbegu hazihitaji kuchemshwa wala kulowekwa.

Drasena (Dracaena). Majani marefu kama ya mahindi, mishipa inaenda sambamba, kijiti chenye pete. Wazee wanaijua sana kwenye mipaka ya mashamba: "Huyu muti haunaka kufa, njo maana tuliweka ye ku mupaka." Unakata kipande, unachimbia, kinaota. Mahali ambapo karatasi za ardhi ni chache, usiing'oe hivi hivi. Inaweza kuwa ushahidi wa jirani yako.

Leonotis (Leonotis nepetifolia). Kijiti cha pembe nne, majani mawili mawili, na maua ya rangi ya chungwa yenye kutoka kwenye mipira ya miiba, mpira juu ya mpira kama sahani kwenye fimbo. Unaota kwa mbegu na unazeeka kwa msimu mmoja. Ndege wa kunyonya maua hawauachi.

Impasiensi ya msitu (Impatiens niamniamensis). Huu ni wa pahali pa kivuli na unyevu, nyuma ya nyumba ao chini ya migomba. Kijiti kina maji mengi, na ua ni jekundu na manjano, lenye mkia uliojikunja kama kasuku mdogo. Kijiti kikiwekwa kwenye udongo wenye maji kinatoa mizizi upesi.

Mti ambao gamba lake linauzwa

Prunus africana tunauweka kando, kwani historia yake ni tofauti. Mu Rwanda wanauita umwumba, mu Burundi umuremera, na kwetu uko na majina mengi. Ni mti mkubwa wa milima ya baridi. Jani ni moja zima, la kung'aa, lenye meno madogo pembeni. Mkono wake ni mwekundu-mwekundu. Na ukilisugua linatoa harufu ya amande. Tunda ni dogo, la zambarau, pana kuliko urefu wake, na chungu.

Gamba lake linatengenezwa dawa ya ugonjwa wa prostati, na kwa sababu hiyo limechunwa sana mu Kivu na mu Ituri ili kwenda Bulaya. Mti ukichunwa mzunguko mzima unakufa. Tangu 1995 biashara yake kati ya inchi na inchi inasimamiwa na mapatano ya CITES, kwenye orodha ya pili: kuuza nje bila ruhusa ni kosa.

Kwa mwenye parseli kubwa ao shamba, kuupanda ni kuweka akiba ya miaka mingi. Usingoje gamba mbele ya miaka 12 ao 15. Na kuna siri moja ya mbegu: haiwekeki. Ikikauka inakufa. Okota matunda yaliyoiva chini ya mti, toa nyama yake, osha, na panda juma lile lile, kwenye kivuli.

Wapi kutoa mbegu na vijiti

Usitoe ndani ya mbuga. Kahuzi-Biega na Virunga ni pahali palipolindwa, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza kung'oa ao kuchukua mimea mule bila ruhusa. Lakini hauhitaji kufika kule. Tazama kwenye makaburi ya zamani, nyuma ya kanisa na parokia, kwenye mabonde ya mito, kwenye mipaka ya mashamba ya wazee. Pale njo miti ya asili ilibakia. Omba ruhusa kwa mwenye pahali.

Chukua kidogo: mbegu kutoka miti mitano ni bora kuliko gunia kutoka mti mmoja, kwani watoto wa mama mmoja wanakuwa na udhaifu mmoja. Using'oe mche wa porini kama ni mmoja tu. Na kijiti kikatwe kwa kisu kikali, si kuvunjwa.

Pepinieri ndogo na majira

Changanya udongo mweusi sehemu 2, mchanga sehemu 1, na mbolea ya ng'ombe iliyooza sehemu 1. Jaza sashe nyeusi zenye matundu chini. Weka kivuli cha majani ya migomba metre 1 juu yake. Nyunyizia asubuhi na jioni, si saa ya jua kali. Majuma mawili mbele ya kupanda, ondoa kivuli polepole na upunguze maji, ili miche ijifunze ugumu.

Kwenye Kivu ya Kusini na Goma, kiangazi kinafika Juni mpaka Agosti. Tia mbegu za miti mu Aprili ao Mei, uzitunze wakati wa kiangazi, na upande shambani mu Septemba ao Oktoba, mvua ikisharudi. Vijiti vipandwe wakati huo pia. Kwa Butembo, Beni na Bunia mvua inapanda mara mbili kwa mwaka, karibu Machi mpaka Mei na Agosti mpaka Novemba. Hapo uko na milango miwili.

Kwenye mteremko, panda kwa mstari wenye kukata kilima, si wenye kushuka nacho. Mistari ya drasena na mubirizi, na majani ya kukata katikati, inapunguza mbio ya maji. Mafuriko ya Mei 2023 mu Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe, yaliua mamia ya watu. Lupango ya miti haiwezi kusimamisha mto wa namna ile. Lakini udongo wa parseli yako, ule wa mvua ya kila siku, unaweza kuushika.

Goma, na mabonde ya joto

Goma, mwenye parseli juu ya lava ya 2002 ao ya 2021 anafikiri hakuna kitakachoota. Tazama lava ya zamani: kwanza inakuja ile kitu nyeupe-kijivu kama manyoya, inaitwa likeni, kisha feri, kisha miti midogo. Unaweza kusaidia kazi hiyo. Tafuta ufa, ujaze udongo na mbolea, panda kijiti cha umuko ao muravumba, na uzungushe mawe madogo yashike unyevu. Chimba kidogo, jaza sana.

Uvira na bonde la Ruzizi ni chini ya metre 1.000, na jua ni kali; kule umuko unafaa, na mkwaju pia ni wa Afrika. Kwa Maniema na pande za msitu mkubwa, fikiria fumbwa (Gnetum africanum), ile kamba ya msitu ambayo majani yake yanakatwa kuwa mboga. Wachumaji wanaing'oa pamoja na mti wenye kuibeba, na kila mwaka inatafutwa mbali zaidi. Inaweza kupandwa kwa kijiti chenye majani, kwenye kivuli na unyevu, karibu na mti wa kupandia. Inakawia kuanza, lakini ikishashika inachumwa miaka mingi.

Kaye ya mimea

Nunua kaye moja. Kwa kila mmea andika: tarehe, pahali, majina yote uliyosikia na luga ya kila jina, majibu ya yale maswali sita, kazi yake, na nani alikuambia. Weka tawi lenye majani na ua kati ya gazeti za zamani, weka matofali juu yake, na ubadilishe karatasi kila siku mpaka likauke. Hiyo njo wanaita erbariyumu.

Kama umeshindwa kutambua, mmea uliokaushwa vizuri unaweza kuonyeshwa kwa wenye ujuzi. Kituo cha utafiti cha Lwiro, mu Kabare, ambacho kilianza 1947 kwa jina la IRSAC, kiko na erbariyumu. INERA iko Mulungu. Na erbariyumu kubwa kuliko zote za inchi iko Yangambi, mu Tshopo. Mwenye kusoma Kifaransa atafute Flore du Rwanda ya Georges Troupin, vitabu vinne vya 1978 mpaka 1988: mimea mingi ya Kivu imo ndani. Programu za telefone zenye kutambua mmea kwa picha zinaweza kusaidia kuanza, lakini zinakosea, hasa kwa mimea ya kwetu. Usile mmea juu ya jibu la telefone.

Lakini mwalimu wa kwanza yuko karibu zaidi. Kwenye kila avenue kuna mama ao mzee mwenye kujua mimea hamsini kwa jina, na mara nyingi hakuna mtoto aliyemfuata kwenye shamba. Mpelekee matawi matatu jumapili hii. Mwulize jina kwanza, kisha muulize anautambua kwa nini. Andika jibu la pili kwa maneno yake mwenyewe.